Kwa nini maji moto ya Budapest yana kuba, ya Japani yana mbao, na ya Kitagata hayana hata paa?

#1 Mpimaramani

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wanaofuatilia ujenzi wa sehemu za kuogea maji moto ya ardhini.

Watu huyafuata maji haya kwa sababu zilezile karibu kila nchi: viungo, mgongo, ngozi, uchovu. Ila majengo hayafanani hata kidogo. Rudas kule Budapest, iliyokamilika 1572, ina hodhi la pembe nane chini ya kuba la kipenyo cha mita 10 lililobebwa na nguzo 8. Dogo Onsen kule Matsuyama ni nyumba ya mbao ya ghorofa 3 ya mwaka 1894. Karlovy Vary kule Cheki, jengo linalojulikana kuliko yote halina hodhi la kuogea kabisa, ni baraza ndefu yenye nguzo 124. Halafu Kitagata, wilaya ya Sheema, Uganda: mawe, maji na anga.

Dai langu ni hili. Hali ya hewa na fedha huja baadaye. Kinachotangulia kuchora ramani ni kanuni ya jamii kuhusu maji yenyewe. Mtu anaingia akiwa safi au anaingia ili ajisafishe? Maji yasimame au yatembee? Mwili uonekane au usitirike? Maji yaguse ngozi au yapite kooni? Nipeni majibu hayo manne tu, nitawachorea jengo bila kuuliza liko nchi gani. Pingeni.

#2 Mwashi wa Chokaa

Mkuu, kwenye kuba umenigusa. Kuba lile si pambo. Chumba chenye hodhi la nyuzi 36 hadi 42 hujaa mvuke, na mvuke ukigusa dari baridi unageuka matone. Dari bapa itawadondoshea watu matone baridi mgongoni kutwa. Kuba laini linalifanya tone litambae na mteremko mpaka ukutani, ukuta ulishushe hadi mfereji wa sakafuni. Ndiyo maana lipu ya ndani husuguliwa mpaka iteleze. Ukiacha chembe za mchanga zimetokeza, kila chembe inakuwa mahali pa tone kuning'inia.

Lipu yenyewe si chokaa tupu. Mafundi wa Kiosmani, yaani wa dola ya Waturuki iliyotawala Budapest enzi hizo, walitumia horasani, yaani chokaa iliyolowekwa ikakomaa, ikachanganywa na unga wa matofali ya kuchoma. Chokaa tupu hukaza kwa hewa, ndani ya maji haikazi. Unga wa tofali ndio unaoikazisha hata ikiwa imelowa. Na si kila tofali linafaa: liwe la moto wa wastani. Lililoungua likawa kama kioo, unga wake unabaki mchanga tu, haushiki kitu.

Vitundu vya nuru juu ya kuba vimezibwa kwa vioo vya duara. Mwanga unaingia, macho ya jirani hayaingii. Hapo naungana nawe kwamba stara imechora.

#3 Jotoardhi

Napinga kabisa. Anzeni na maji, watu wafuate.

Kusatsu, Japani. Maji yale yana pH ya karibu 2, asidi kali. Msumari wa chuma ukitumbukizwa humo unaliwa kwa siku chache. Mto unaopokea maji hayo ulikuwa unakula zege na vyuma vya madaraja mpaka mwaka 1964 kikajengwa kiwanda cha kumwaga maziwa ya chokaa mtoni, mchana na usiku, kupunguza makali. Kinafanya kazi mpaka leo, na mashapo yake yanakamatwa kwenye bwawa lililoko chini yake. Sasa mnaniambia mbao za Kusatsu zinatokana na utamaduni? Pale ukitumia saruji inalika, ukitumia chuma kinalika. Kilichobaki ni mbao zilizofungamanishwa bila msumari, na mawe magumu. Kemia imechora, utamaduni ukaja kuishi ndani yake.

#4 Mpimaramani

Jotoardhi ameandika: "Kemia imechora, utamaduni ukaja kuishi ndani yake."

Kwa Kusatsu una hoja. Sasa nieleze Dogo. Maji ya pale ni laini, yameelekea upande wa alkali, hayali chuma wala saruji. Wana visima 18, vingine vya nyuzi 20 na vingine 55, wanachanganya wao kwa wao mpaka wapate 42 bila kuchemsha na bila kuongeza maji ya bomba. Hodhi lenyewe ni la mawe. Nyumba juu yake ndiyo ya mbao, na ilijengwa na seremala wa ukoo wa wajenzi wa ngome, chini ya meya Isaniwa Yukiya. Kemia haikumlazimisha meya yule ajenge kwa mbao wala aweke mnara wenye ngoma juu ya paa.

Tena tazama ndani. Hodhi linachukua sehemu ndogo ya jengo. Ghorofa ya pili ni ukumbi wa mikeka ambako mtu aliyetoka majini anakaa na kuletewa chai. Kule kupumzika baada ya kuoga ni nusu ya tiba. Ukiondoa desturi hiyo, ghorofa mbili za juu hazina kazi.

#5 Abu Rustaq

Assalaam alaykum. Mmeruka jambo kubwa: hamamu ya kawaida ya Kituruki HAINA hodhi la kuzama. Katikati kuna jiwe pana la joto la kulalia, na pembeni mabirika madogo ya marmari. Birika lile halina tundu chini. Maji yanaingia kwa bomba, yanajaa, yanamwagika sakafuni. Mwogaji anachota kwa bakuli na kujimiminia. Haingizi mwili, na aliyestaarabika haingizi hata mkono wenye sabuni.

Ni fiqhi hiyo. Maji yaliyosimama na machache yanaharibika kwa najisi ndogo, maji yatembeayo hayana shida hiyo. Waosmani walikuwa wa madhehebu ya Hanafi, na kwa Hanafi hodhi la dhiraa 10 kwa 10 linahesabika kama maji mengi, lina hukumu ya maji yatembeayo.

Sasa njoo kwenye chemchemi ya moto. Maji yanaingia upande huu yanatoka upande ule saa 24. Kipingamizi kimekwisha. Kwa hiyo hapo, na hapo tu, Mturuki anachimba hodhi katikati ya jengo mahali ambapo kwenye hamamu ya mjini pangekaa jiwe. Mji wa Bursa, Uturuki, unaonyesha wazi: Yeni Kaplıca ya 1552, iliyojengwa na waziri mkuu Rüstem Pasha, ina hodhi chini ya kuba kwa sababu ina maji ya ardhini. Hamamu za sokoni mji uleule hazina. Mji mmoja, dini moja, mawe yaleyale, ramani mbili.

#6 Mwashi wa Chokaa

Abu Rustaq hapo umepiga msumari. Lakini mzee wangu, hoja yako inambeba Jotoardhi pia: ni wingi wa maji ulioruhusu hodhi.

#7 Jotoardhi

Ahsante Mwashi. Hatimaye mtu anasoma.

#8 Msomaji Kimya

Mnakwenda mbali mpaka Bursa. Mbona hamtaji Kidichi na Hamamni? Zanzibar tuna majengo ya maji moto tangu enzi za masultani.

#9 Binti Shangani

Ndugu Msomaji, turekebishe kabla hayajasambaa. Kidichi na Hamamni si chemchemi za moto. Maji yalipashwa kwa kuni. Kidichi ilijengwa 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi, huko mashambani, na nakshi za lipu ukutani ni kazi ya mtindo wa Kiajemi. Hamamni ni ya Sultan Barghash, ilikuwa ya watu wote kwa malipo, na joto lilipita kwenye njia za chini ya sakafu. Katika miaka ya 1920 ikafungwa.

Ila zinamsaidia Mpimaramani. Hapakuwa na maji moto ya ardhini, bado watu wakajenga vyumba vya baridi, vuguvugu na moto vikifuatana. Ramani ilisafiri bila chemchemi.

Na kama mnatafuta kanuni ya Abu Rustaq nyumbani kwetu, nendeni kwenye nyumba za mawe za Lamu. Chooni kuna birika la kujengea la chokaa. Haliingiwi, linachotwa kwa kata. Chini yake hupachikwa bakuli la kauri la Kichina, na ndani huwekwa visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki wanakimbilia kwenye bakuli wasife. Pwani ni madhehebu ya Shafii, na Shafii ana kipimo chake, qulla mbili, ambazo wengi hukadiria lita 200 hivi. Chini ya hapo najisi kidogo inaharibu maji yote. Ndiyo sababu kata ina mpini mrefu na inaangikwa, hailazwi sakafuni.

#10 Abu Rustaq

Binti Shangani, Mungu akubariki. Niongeze upande wa Oman, kwa kuwa ndiko walikotoka masultani hao. Rustaq kuna Ain al-Kasfah, maji ya nyuzi 45 hivi, yana harufu ya salfa, watu huyafuata kwa ngozi na baridi yabisi. Hakuna kuba wala ukumbi. Kuna vyumba vidogo vya kuogea vimepangwa sambamba, vya wanaume mbali na vya wanawake. Baada ya hapo maji yanaingia kwenye mifereji kwenda mashamba ya mitende.

Kinachotawala pale ni falaj, yaani mfereji wa pamoja wa kumwagilia mashamba. Maji yana wenyewe, yana zamu, mkulima anayasubiri chini. Huwezi kujenga hodhi kubwa ukayashikilia nusu siku. Kwa hiyo jengo ni jepesi, limekaa ubavuni mwa mfereji, maji yanapita tu. Waislamu wa Bursa na Waislamu wa Rustaq, majengo mawili tofauti. Dini peke yake haitoshi.

#11 Kaka Sheema

Naona Kitagata imetajwa kama mahali ambapo hapajajengwa kitu. Si sahihi kuisoma hivyo.

Pana chemchemi mbili zinazokaribiana. Moja ni Ekyomugabe, ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Nyingine watu wameiita Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala, na hiyo ndiyo ya wagonjwa. Joto kwenye jicho, pale maji yanapotokea ardhini, hufika hadi nyuzi 80, kwa hiyo hakuna anayeingia pale. Watu hukaa pale maji yalipokwisha kupoa, wanaume na wanawake sehemu moja, wengine wamejilaza juu ya mawe yenye joto, mwingine anammiminia mwenzake mgongoni. Mawe yamesogezwa kwa mikono kutengeneza vidimbwi. Umbali kutoka jicho ndio kipimo cha joto: mgeni anaonyeshwa aanzie wapi na asogee wapi.

Na Sempaya, kwenye msitu wa Semuliki hapohapo Uganda, wanaume wana chemchemi yao Bintente, wanawake yao Nyasimbi, na baina yao ni msitu na kinamasi. Kule mgawanyo wa jinsia umewekwa na njia ya miguu. Mpimaramani unauliza paa liko wapi. Uliza njia ziko wapi, ndipo utaona ramani.

#12 Mpimaramani

Kaka Sheema, hii naichukua. Umbali kama kipimo cha joto ni usanifu kamili. Rudas wamefanya jambo lilelile kwa kuta: hodhi kubwa la nyuzi 36 katikati, na pembeni madogo manne, kuanzia 28 mpaka 42. Mgonjwa anahama.

Swali: kwa nini basi Ankole hawakuweka ukuta wa kudumu, hata kwa mfalme?

#13 Mzee Boriti

Vijana, mnabishana juu ya nani alichora, hamsemi nani alifagia. Jengo la maji moto linakufa haraka kuliko jengo lolote. Joto, unyevu, chumvi, miguu ya watu. Linabaki pale tu ambapo kuna mtu aliyefungwa kisheria au kidesturi kulitunza.

Rudas ilikuwa ndani ya wakfu wa Sokollu Mustafa Pasha. Ada ya hamamu ilikuwa na kazi maalumu, na matengenezo yalikuwa haki ya jengo, si hisani. Kusatsu bafu za mtaa husafishwa na wakazi wenyewe kwa zamu, ndiyo maana ni ndogo, chumba kimoja, hodhi moja, mbao zinazong'oka na kubadilishwa na seremala wa hapohapo. Dogo ni mali ya mji. Matengenezo yaliyoanza Januari 2019 yalikwisha Julai 2024, na miaka yote hiyo waliacha sehemu moja wazi watu waoge. Mji mzima unaishi kwa jengo lile, lisingefungwa.

Mahali pasipo na wakfu, wala zamu, wala mji wenye mapato, mtu mwenye busara hajengi. Anasogeza mawe. Mawe hayahitaji bajeti.

#14 Kaka Sheema

Mzee Boriti, shikamoo. Nakubali nusu. Nusu nyingine, jicho la chemchemi halikuwa kitu cha kufungiwa. Watu huacha sadaka pale. Kuezeka juu yake ni kujiweka kati ya watu na chanzo. Hata ungeleta fedha, wazee wangekuuliza kwanza paa ni la nani.

#15 Mzee Boriti

Marahaba. Nalo neno.

#16 Nuru wa Praha

Nimeona Karlovy Vary imeachwa njiani, na ndiyo inayomsaidia mleta uzi kuliko zote.

Zamani pale mgonjwa aliloweshwa kwa saa nyingi mpaka ngozi inapasuka. Karne ya 18 daktari David Becher akasisitiza kunywa, tena kunywa kwenye chanzo chenyewe, na kutembea kati ya kikombe na kikombe. Basi jengo likageuka. Unahitaji mahali pa kutembea pasipo mvua, sakafu sawa isiyo na ngazi nyingi kwa wagonjwa, na sehemu za kuchotea zilizoachana. Josef Zítek akajenga baraza ya nguzo kati ya 1871 na 1881, chemchemi tano ndani yake. Hata kikombe kina usanifu: mpini wake ni mrija, maji yanapita mpinini mpaka kinywani, yanapoa njiani na hayaogeshi meno kwa chumvi zake. Chemchemi kuu, Vřídlo, inatoka na nyuzi 73 na kuruka hadi mita 12, hakuna anayetumbukia humo.

Maji yaleyale yangeweza kujengewa hodhi. Dawa ilipohama kutoka ngozini kwenda kooni, jengo likahama nayo.

#17 Mkaguzi Afya

Nuru, uzuri huo usihamishwe kwetu bila kupima. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi ya juu. Kunywa vikombe vitano kwa siku kama Karlovy Vary ni kuharibu meno na mifupa ya watoto. Yaoge, usiyanywe mpaka maabara iseme.

Na jambo lililonileta ni paa. Maji yenye harufu ya mayai yaliyooza yana haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, juu ya uso wa maji, usawa wa pua ya aliyelala hodhini. Ikizidi sana pua inakufa ganzi, harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imesafika. Japani kuna kipimo rasmi: isizidi sehemu 20 kwa milioni kwenye sentimita 10 juu ya maji, wala sehemu 10 kwa milioni kwenye sentimita 70 kutoka sakafuni. Kwa hiyo:

Matundu ya hewa yawe chini, usawa wa sakafu, na mengine juu. Dirisha la juu peke yake halisaidii.

Bomba la kuingiza limwage juu ya uso wa maji, lisizame, gesi itoke kabla ya kufika hodhini.

Hodhi lisiwe shimo kwenye sakafu iliyozungukwa na kuta pande zote. Upande mmoja uwe wazi kuelekea mteremko.

Kitagata, na Bogoria kule Kenya, kuwa wazi si umaskini wa ujenzi. Kwa maji ya salfa, anga ndilo paa salama.

#18 Mwashi wa Chokaa

Mkaguzi ameongea la maana, nami niongeze la fundi. Gesi hiyohiyo ndiyo inayoua saruji, na inaanzia pasipotarajiwa. Watu hupaka dawa ndani ya hodhi, chini ya maji, kumbe chini ya maji pako salama kiasi. Kunakooza ni juu ya maji. Gesi inayeyuka kwenye matone ya ukutani na darini, bakteria wanaigeuza asidi ya salfa, saruji inakuwa unga mweupe kama jasi, inavimba, inabanduka kwa matabaka. Nondo ikishaonekana, jengo limekwenda. Saruji inayostahimili salfeti inasaidia dhidi ya maji ya salfeti. Dhidi ya asidi inachelewesha tu.

Kwa hiyo mwenye kutaka paa la zege bapa juu ya maji ya salfa na aache.

#19 Jotoardhi

Mwashi, umesema mwenyewe. Tena kemia.

#20 Mwashi wa Chokaa

Nimesema kinachobomoa, sijasema kinachochora. Usinisajili kwenye chama chako.

#21 Msomaji Kimya

Na Király ya Budapest? Nayo ina kuba, nadhani chemchemi iko chini yake.

#22 Abu Rustaq

Hapana ndugu. Király, iliyoanzwa 1565 na Arslan Pasha, haina chemchemi yake. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka upande wa Lukács, bafu jingine la mji huo. Iliwekwa ndani ya ukuta wa mji makusudi, ili mji ukizingirwa na adui, watu waendelee kuoga na kutimiza twahara zao. Hebu pima uzito wa jambo hilo: walikubali gharama ya kusafirisha maji na kupoteza joto njiani, ili jengo likae pale ambapo sheria ya usafi na vita vilitaka. Jotoardhi, kemia ya hapo iko wapi?

#23 Jotoardhi

Hiyo ni siasa ya vita, si utamaduni wa tiba. Lakini naiweka akilini.

#24 Binti Shangani

Turudi kwenye jinsia, kwani ndipo ramani zinapoachana kabisa. Kuna njia nne naziona. Waturuki wana hamamu pacha, mbili zinageuziana mgongo na kutumia tanuri moja katikati, mlango wa wanawake kwenye uchochoro wa pembeni. Rudas haina pacha, ni kuba moja, ndiyo maana waligawanya siku badala ya kuta: siku za wanaume, siku za wanawake. Japani ni pazia mbili mlangoni na ukuta kati. Na Sukayu, kule Aomori, Japani hiyohiyo, ukumbi mmoja mkubwa wa mbao za mti uitwao hiba ambamo bado wanachanganyika, wameweka alama ya mpaka ndani ya hodhi na saa maalumu za wanawake tu.

Addis Ababa ni njia ya tano. Filwoha, mahali ambapo Itege (malkia) Taytu alipapenda mpaka mji ukazaliwa pale mwaka 1886, wana vyumba vidogo, kila kimoja na beseni lake, unalipia muda wako na mlango unafungwa. Stara kamili, ila mabomba mengi na kazi ya kusugua beseni kila mteja akitoka.

#25 Bomba Safi

Nilikuwa nasubiri mtu ataje mabomba. Vyumba vingi maana yake viungo vingi, kona nyingi, koki nyingi, na maji moto ya ardhini yanachukia kona.

Maji yenye bikaboneti yakiwa ardhini yamebana gesi ya kaboni. Yakitoka, shinikizo linashuka, gesi inatoroka, na chokaa inaganda. Inaganda hasa kwenye koki na kwenye kona. Bomba la inchi 2 linakuwa jembamba kama kidole. Ndiyo maana kwenye maji ya aina hiyo, kama Songwe kule Mbeya ambako mwamba wa chokaa umejengwa na chemchemi zenyewe, nashauri mfereji wa wazi unaokwanguliwa kwa sululu, si bomba. Pamukkale, Uturuki, mifereji ya kale imejijengea kuta za mwamba kwa namna hiyohiyo.

Bomba likilazimu: PVC ya kawaida ikizidi nyuzi 60 inalegea na kupinda katikati ya vishikizo. Shaba inageuka nyeusi kwa salfa. Chuma cha mabati hakina maisha. Tumia plastiki ya maji moto, weka viungio vya kufungua kila baada ya mita chache, na usifukie.

Warumi walikuwa na jibu lao. Bath, Uingereza, chemchemi inatoa lita zaidi ya milioni moja kwa siku kwa nyuzi 46. Hodhi kubwa lina kina cha mita 1.6, na chini wametandika vipande 45 vya risasi. Maji yanaingia kwa wingi, yanatoka kwa wingi, hakuna koki ya kuziba.

#26 Mkaguzi Afya

Bath hiyohiyo ni somo. Mwaka 1978 msichana alifariki kwa amiba wa ubongo baada ya kuogelea kwenye maji yale, mabafu yakafungwa. Kilichofunguliwa 2006 kinatumia kisima kipya kilichochimbwa chini zaidi, na maji yanasafishwa. Hodhi la kale sasa ni la kutazama tu. Amiba huyo anaingia kwa puani, kwa hiyo kanuni ya zamani ya kukaa bila kuzamisha kichwa ni kanuni ya afya pia.

Kabla ya kufikiria paa, pima mzunguko. Hodhi la mita 3 kwa 4, kina sentimita 60, ni lita 7,200. Chemchemi ikitoa lita 1 kwa sekunde, maji yanabadilika kwa saa 2. Ikitoa robo lita, ni saa 8, na hapo watu wakiwa wengi utaoga jasho la wenzako. Punguza hodhi, usiongeze dawa. Kipimo ni ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Na watu waoge kwanza pembeni. Wajapani hawajengi hodhi bila sehemu ya kujisugulia kabla, na mfereji wa maji ya sabuni haukutani na hodhi.

#27 Kaka Sheema

Mkaguzi, kama vijana wa kijiji wanataka kupunguza nyuzi 80 zifike 40 bila kuharibu, mnashauri nini? Kuongeza maji ya kijito wengine wanaona ni kuipunguza dawa.

#28 Bomba Safi

Kwa hesabu tupu: maji ya kijito yakiwa nyuzi 20, sehemu moja ya moto na mbili za baridi zinatoa 40. Theluthi mbili za hodhi ni kijito. Kama jamii inasema hiyo si dawa tena, basi Kusatsu nao walisema hivyohivyo. Kwao maji yanatembezwa kwenye mifereji ya mbao hewani mpaka yapoe, na hodhini wanayakoroga kwa mbao ndefu kabla ya kuingia. Beppu, Japani, kuna njia nyingine: fremu ya matawi ya mianzi, maji ya karibu kuchemka yanamwagwa juu, yanachuruzika kwenye vijiti, yanafika chini yakiwa kwenye nyuzi 50 hivi. Hakuna umeme wala tone la maji ya nje.

Kwa Sheema mianzi ipo. Fremu isimame mbali na jicho, kwenye mkondo wa chini, upande unaopata upepo, na iwe nyepesi kiasi cha watu wanne kuibeba, maana matawi yataota ganda la chumvi na itabidi yabadilishwe. Jicho lenyewe msiliguse.

#29 Kaka Sheema

Hiyo wazee wanaweza kuisikiliza, kwa kuwa haikai juu ya chanzo. Webale.

#30 Mpimaramani

Mnaona sasa. Kijiji kimekataa kuchanganya na kimekataa kuezeka jicho, na tayari jengo limechorwa: mfereji, fremu ya mianzi, vidimbwi kwenye mteremko. Hakuna aliyetaja hali ya hewa.

#31 Jotoardhi

Kaka Sheema ametaja nyuzi 80, Mpimaramani. Maji yale yangetoka na 40, fremu isingekuwepo, wala mfereji, na wazee wasingeulizwa kitu. Nionyeshe sehemu moja yenye maji ya pH 2 ambayo utamaduni wake umeweza kujenga hodhi la saruji likadumu.

#32 Mzee Boriti

Na mimi nionyesheni moja iliyodumu bila mfagiaji.